Masomo ya uprogramu wa michezo ya video

Uprogramu wa michezo ya video ni tawi la sayansi ya kompyuta linalohusu uandishi wa programu zinazoendesha michezo ya video katika kompyuta, simu za mkononi na mashine maalumu za kuchezea. Katika vyuo vikuu mbalimbali duniani tawi hilo hufundishwa ama kama shahada inayojitegemea, ama kama sehemu ya shahada ya kawaida ya sayansi ya kompyuta. Kwa kawaida shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu au minne, na shahada ya uzamili mwaka mmoja au miwili.

Msingi wa masomo haya ni hisabati, fizikia na uandishi wa programu. Watu wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa fani hii hushinda akicheza, lakini kwa kweli muda wake mwingi huenda katika kuandika maelekezo, kuyajaribu, kutafuta hitilafu na kuyaandika upya.

Maana na mipaka ya fani

Mchezo wa video ni kazi ya watu wengi wenye ujuzi tofauti. Mbunifu wa mchezo huamua kanuni, yaani mchezaji afanye nini, apate alama vipi na ashindwe wakati gani. Msanii huchora wahusika na mandhari. Mtaalamu wa sauti hutengeneza muziki na milio. Mprogramu ndiye anayeandika maelekezo ya kompyuta yanayounganisha hayo yote yakawa kitu kimoja kinachofanya kazi.

Kwa mfano, mbunifu akiamua kwamba mhusika aweze kuruka ukuta, msanii huchora mwili unaoruka hatua kwa hatua. Mprogramu huandika kanuni za kupima kama ukuta uko karibu, kama mhusika amesimama juu ya ardhi, ataruka kwa kasi gani, na nini kitokee akigonga kichwa.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa anayetafuta chuo, kwa kuwa majina ya kozi hufanana. Kozi ya "ubunifu wa michezo" au "sanaa ya michezo" inaweza kuwa na uprogramu kidogo sana, na mhitimu wake asiweze kuajiriwa kama mprogramu. Njia salama ni kusoma orodha ya masomo ya kila muhula badala ya kutegemea jina la kozi.

Historia

Uhusiano wa michezo ya kompyuta na vyuo vikuu ni wa zamani kuliko biashara ya michezo yenyewe. Mwaka 1952 Alexander Douglas wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliandika programu ya kucheza mchezo wa sifuri na msalaba katika kompyuta ya EDSAC. Programu hiyo, inayojulikana kama OXO, ilikuwa sehemu ya utafiti wake wa shahada ya uzamivu kuhusu mawasiliano kati ya binadamu na kompyuta.

Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake katika taasisi ya MIT, Marekani, walikamilisha mchezo wa vita vya angani ulioitwa Spacewar! katika kompyuta ya PDP-1. Mchezo huo ulienea katika vyuo vingine vilivyokuwa na kompyuta ya aina hiyo.

Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kilikuwa kitovu cha utafiti wa grafiki za kompyuta katika miaka ya 1960 na 1970 chini ya David Evans na Ivan Sutherland. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, alibuni hapo njia ya kukokotoa mng'ao wa mwanga juu ya vitu, ambayo bado hufundishwa kwa jina lake. Ed Catmull, katika tasnifu yake ya mwaka 1974, alieleza namna ya kubandika picha juu ya uso uliopinda, na namna ya kujua kitu kipi kiko mbele ya kingine. Nolan Bushnell, aliyehitimu uhandisi wa umeme chuoni hapo mwaka 1968, alianzisha kampuni ya Atari pamoja na Ted Dabney mwaka 1972.

Hata hivyo, kwa miaka mingi hapakuwa na shahada ya michezo. Waandishi wa michezo walikuwa watu waliosoma uhandisi, hisabati au sayansi ya kompyuta, au waliojifunza wenyewe nyumbani. Michezo ilipokuwa mikubwa kiasi cha kuhitaji makumi ya waprogramu, kampuni zilianza kutafuta watu waliofundishwa kazi hiyo.

Taasisi ya DigiPen, iliyoanzishwa na Claude Comair mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1988, ilianza kufundisha uprogramu wa michezo mwaka 1994 kwa ushirikiano na Nintendo. Mwaka 1998 ilihamia Redmond, Marekani. Nchini Uskoti, Chuo Kikuu cha Abertay mjini Dundee kilianzisha shahada ya michezo ya kompyuta mwaka 1997, na hutajwa mara nyingi kuwa chuo kikuu cha kwanza duniani kufanya hivyo. Mji huo tayari ulikuwa na kampuni ya DMA Design, iliyotoa mchezo wa Lemmings mwaka 1991 na Grand Theft Auto mwaka 1997.

Tangu hapo shahada za aina hiyo zimeenea katika nchi nyingi za Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Asia na Australia.

Sifa za kujiunga

Sharti linalojitokeza karibu kila mahali ni ufaulu mzuri wa hisabati. Kwa mwanafunzi wa Tanzania tahasusi zenye hisabati ya juu, kama vile PCM, PGM na EGM, ndizo zinazomfaa zaidi. Kwa mwanafunzi wa Kenya alama ya hisabati katika mtihani wa KCSE huwa na uzito mkubwa. Fizikia husaidia sana, ingawa si vyuo vyote vinavyoidai.

Uzoefu wa kuandika programu kabla ya kuanza chuo kwa kawaida si sharti, lakini ni faida. Baadhi ya vyuo, hasa vinavyopokea wanafunzi wachache, huomba kazi ndogo ambazo mwombaji amewahi kufanya. Mchezo mdogo uliokamilika huonyesha uwezo zaidi kuliko mchezo mkubwa ulioachwa katikati.

Masomo yanayofundishwa

Lugha za programu

Lugha ya C++ ndiyo inayotumika zaidi katika michezo mikubwa, kwa sababu humwezesha mprogramu kusimamia mwenyewe kumbukumbu ya kompyuta na kupata kasi. Lugha ya C# hutumika pamoja na injini ya Unity, na Python hufundishwa mara nyingi mwaka wa kwanza kwa kuwa ni nyepesi kusomeka.

Kasi ni jambo la msingi kwa sababu mchezo haumsubiri mtumiaji. Picha kwenye kioo hubadilishwa mara nyingi kila sekunde, na kila picha moja huitwa fremu. Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde huwa na milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Ndani ya muda huo programu husoma vitufe vilivyobonyezwa, husogeza wahusika, hupima migongano, huamua hatua za maadui, kisha huchora picha mpya. Mzunguko huo unaorudiwa huitwa kitanzi cha mchezo, nao ni miongoni mwa mambo ya kwanza kufundishwa.

Kosa la kawaida la mwanafunzi mpya ni kusogeza mhusika kwa kiasi kile kile katika kila fremu. Akimsogeza nukta 5 kila fremu, katika kompyuta yenye fremu 60 kwa sekunde mhusika ataenda nukta 300 kwa sekunde, lakini katika kompyuta dhaifu yenye fremu 30 ataenda nukta 150 tu. Mchezo ule ule utakuwa mwepesi kwa tajiri na mzito kwa maskini. Suluhisho ni kuzidisha mwendokasi kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia: 300 mara 1/60 ni 5, na 300 mara 1/30 ni 10. Kwa hiyo katika kompyuta zote mbili mhusika husafiri nukta 300 kwa sekunde.

Hisabati

Matawi yanayotumika zaidi ni jiometri ya majira ya nukta, trigonometria, vekta, matriksi na kalkulasi. Mengi huanzia katika mambo yanayofundishwa sekondari.

Tuchukue mfano wa adui anayetakiwa kumwona mchezaji akiwa ndani ya umbali wa vipimo 6. Mchezaji yuko kwenye nukta (2, 1) na adui kwenye (5, 5). Tofauti zao ni 3 na 4. Kwa kanuni ya Pythagoras, mraba wa umbali ni 9 + 16 = 25, hivyo umbali ni 5, na adui anamwona mchezaji. Mprogramu mzoefu hatafuti hata kipeuo: hulinganisha 25 na mraba wa 6, yaani 36, akaokoa hesabu moja. Akiwa na maadui mia kadhaa katika kila fremu, akiba hiyo huanza kuonekana.

Matriksi hutumika kusogeza, kuzungusha na kukuza vitu katika nafasi ya pande tatu. Kwa mizunguko hutumika pia kwatenioni, aina ya namba iliyogunduliwa na mwanahisabati William Rowan Hamilton wa Ireland mwaka 1843, zaidi ya karne moja kabla ya kuwapo kwa michezo ya video.

Fizikia na migongano

Mwanafunzi huandika programu zinazoiga uvutano wa dunia, msuguano na mdundo wa vitu. Tatizo kubwa ni wingi wa hesabu. Mchezo wenye vitu 1,000 una jozi 499,500 zinazoweza kugongana, na kuzipima zote katika kila fremu ni kazi kubwa mno. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kugawa ulimwengu wa mchezo katika miraba, ili kila kitu kilinganishwe na vile tu vilivyo karibu nacho.

Grafiki

Somo hili hueleza jinsi umbo la pande tatu linavyogeuzwa kuwa nukta za rangi kwenye kioo bapa. Maumbo mengi hujengwa kwa pembetatu ndogo ndogo. Kadi ya grafiki hukokotoa nafasi ya kila pembetatu, kisha rangi ya kila nukta kulingana na mwanga. Wanafunzi wengi husema kwamba hili ndilo somo gumu kuliko yote, kwa kuwa huunganisha hisabati nzima ya miaka iliyotangulia.

Akili bandia

Katika michezo, akili bandia ni mbinu za kumfanya mhusika asiyeongozwa na mtu aonekane ana akili. Mfano maarufu ni kutafuta njia. Adui anayemfuata mchezaji kupitia vichochoro mara nyingi hutumia algoriti ya A*, iliyotolewa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael. Watafiti hao walikuwa wakishughulikia roboti, si michezo. Adui hodari kupita kiasi hukatisha tamaa, kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa pia kumfanya adui akosee kwa namna inayoaminika.

Mtandao

Katika michezo inayochezwa na watu walio mbali, taarifa husafiri kwa nyaya za nuru. Katika nyaya hizo nuru huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kati ya Dar es Salaam na London kuna takribani kilomita 7,500 kwa mstari mfupi kuliko yote, hivyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 75, sawa na zaidi ya fremu nne. Kwa kuwa nuru haiwezi kuharakishwa, programu hukisia mahali alipo mchezaji mwingine, kisha hujisahihisha taarifa ya kweli inapofika.

Kazi ya kundi

Karibu kozi zote hudai mradi wa pamoja wa muhula mmoja au zaidi, ambamo waprogramu, wasanii na wabunifu hutengeneza mchezo mmoja. Hapo mwanafunzi hujifunza kutunza matoleo ya kazi kwa mfumo kama Git, kusoma programu iliyoandikwa na mwenzake, na kukubali kuondoa kipengele alichokipenda ili mchezo umalizike kwa wakati.

Mradi wa aina hiyo unaweza kuvuka mipaka ya chuo. Mwaka 2005 kundi la wanafunzi wa DigiPen lilitoa mchezo ulioitwa Narbacular Drop, wenye milango miwili inayounganisha mahali palipo mbalimbali. Kampuni ya Valve iliwaajiri, na wazo lao likazaa mchezo wa Portal uliotolewa mwaka 2007.

Mfano wa mchezo wa bao

Mchezo wa bao la Kiswahili ni mfano mzuri wa namna mprogramu anavyofikiri. Bao lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kwa kompyuta ubao huo ni orodha ya namba 32 tu: kila namba ni idadi ya kete katika shimo moja.

Kila mchezaji ana mashimo 16 yanayozungukwa kama duara. Mashimo hayo yakipewa namba kuanzia 0 hadi 15, kusambaza kete ni kuongeza moja katika kila shimo linalofuata, na baada ya shimo la 15 kurudi kwenye 0. Mchezaji akianzia shimo namba 13 akiwa na kete 5, atatia katika mashimo 14, 15, 0, 1 na 2. Kompyuta hupata jibu hilo kwa kujumlisha 13 na 5, ambayo ni 18, na kuchukua baki la kugawanya kwa 16, ambalo ni 2.

Mfano huo unafundisha pia kujikagua. Katika bao kete zinazoliwa hazitoki mchezoni, bali husambazwa upande wa aliyezila. Kwa hiyo kete zilizo mashimoni pamoja na zilizo mkononi lazima ziwe 64 wakati wote. Programu ikihesabu ikapata 63 au 65, mprogramu anajua papo hapo kwamba ameandika kosa, hata kama mchezo bado unaonekana kwenda vizuri.

Kuandika kanuni za bao kunaweza kufanywa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kuifanya kompyuta icheze kama fundi ni jambo jingine kabisa. Nchini Uholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden, mwaka 1995, kuhusu umahiri wa wachezaji wa bao. Jeroen Donkers wa Chuo Kikuu cha Maastricht aliutumia mchezo huo katika tasnifu yake ya mwaka 2003 kuhusu namna kompyuta inavyoweza kuzingatia fikra za mpinzani wake.

Vifaa na programu zinazotumika

Wanafunzi hutumia injini za michezo, yaani programu zenye sehemu zilizokwisha kutengenezwa za grafiki, fizikia na sauti. Zinazojulikana zaidi ni Unity, Unreal na Godot. Injini ya Godot ni ya bure na maelekezo yake yako wazi kwa yeyote tangu mwaka 2014. Pia haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Kwa michoro ya pande tatu programu ya bure inayotumika sana ni Blender.

Baadhi ya vyuo huwataka wanafunzi waandike injini yao wenyewe kabla ya kutumia iliyo tayari. Kusudi si kushindana na zilizopo, bali mwanafunzi aelewe kinachofanyika ndani. Anayejua injini moja tu bila misingi yake hubaki hana la kufanya injini hiyo inapobadilika au kampuni yake inapoacha kuitumia.

Hali katika Afrika Mashariki

Shahada kamili za uprogramu wa michezo bado ni chache katika Afrika Mashariki. Wengi wanaotaka kuingia fani hii husoma sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu, katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere, kisha huchagua mchezo kuwa mradi wao wa mwaka wa mwisho. Mjini Kigali, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi linalotoa shahada za uzamili katika teknolojia ya habari na uhandisi. Chuo hicho mjini Pittsburgh kina pia kituo cha uzamili cha teknolojia ya burudani, lakini kozi hiyo haifundishwi Kigali.

Wanafunzi wa Kongo na Burundi wanaosoma kwa Kifaransa huweza kuangalia pia vyuo vya Ufaransa, kama shule ya umma ya michezo na midia iliyoko Angoulême.

Soko la eneo hili lina tabia zake. Wachezaji wengi hutumia simu za bei nafuu, na hulipia intaneti kwa vifurushi. Mchezo mzito hauwafikii, hata ukiwa mzuri. Aidha wengi hawana kadi za benki, hivyo mtengenezaji anayetaka kuuza hapa hulazimika kufikiria malipo ya simu kama M-Pesa.

Lugha nayo huleta kazi ya pekee. Michezo mingi imeandikwa kwa kufuata Kiingereza, ambapo wingi wa majina mengi huundwa kwa kuongeza herufi moja mwishoni, na namba haibadiliki. Katika Kiswahili namba hufuata ngeli: vikombe viwili, mipira miwili, matunda mawili, funguo mbili, watu wawili. Programu inayounganisha neno "umepata", namba na jina la kitu bila kujua ngeli yake itatoa sentensi mbovu. Mprogramu anayejua Kiswahili vizuri huhifadhi ngeli ya kila jina pamoja na jina lenyewe.

Kampuni ya Leti Arts ilianzishwa mwaka 2009 na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, na hutengeneza michezo na katuni zinazotokana na visa vya Kiafrika. Nchini Kamerun kampuni ya Kiro'o Games ya mjini Yaoundé ilitoa mchezo wa Aurion mwaka 2016. Kampuni hizo ni muhimu kwa wanafunzi, kwa sababu pasipo na kampuni ni vigumu kupata mahali pa mafunzo kwa vitendo.

Shahada maalumu au sayansi ya kompyuta

Swali linalowakabili wanafunzi na wazazi wengi ni kama inafaa kuchukua shahada ya michezo au shahada ya kawaida ya sayansi ya kompyuta. Kila upande una hoja zake.

Shahada maalumu humpa mwanafunzi miradi mingi ya michezo, walimu waliowahi kufanya kazi hiyo, na wenzake wasanii na wabunifu wa kushirikiana nao. Anapohitimu huwa na kazi za kuonyesha, na waajiri wa michezo huangalia kazi hizo kuliko vyeti.

Shahada ya sayansi ya kompyuta hufungua milango mingi zaidi. Mhitimu anaweza kuajiriwa na benki, kampuni ya simu, serikali au hospitali, na akapata nafasi ya kutengeneza michezo baadaye. Masomo kama hifadhidata, mifumo endeshi na usalama wa kompyuta hufundishwa humo kwa kina.

Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi kwa familia isiyo na akiba. Mwanafunzi aliyekwenda nje kwa ada ya kigeni, akarudi katika nchi yenye kampuni chache za michezo, yumo katika hatari ambayo mwenzake wa Dundee au Vancouver hana. Kwa upande mwingine, baadhi ya shahada za michezo zina hisabati na C++ nyingi kiasi kwamba mhitimu wake hakosi kazi katika programu za kawaida. Kinachoamua ni yaliyomo katika kozi. Mtanzania anayekusudia kusoma nje hushauriwa kuhakikisha kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Katika nchi nyingine mamlaka husika hufanya kazi hiyo.

Njia ya kati inayochukuliwa na wengi ni kusoma shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta karibu na nyumbani, kutengeneza michezo midogo kila likizo, kisha kuomba shahada ya uzamili ya michezo wakishajua kwamba kazi hiyo wanaipenda kweli.

Ajira

Ndani ya fani kuna kazi mbalimbali. Mprogramu wa uchezaji hushughulikia mwendo na matendo ya wahusika. Mprogramu wa injini hushughulikia msingi unaobeba mchezo mzima. Wengine hushughulikia grafiki, mtandao, akili bandia, au zana wanazotumia wasanii na wabunifu. Ujuzi huo hutumika pia nje ya michezo: katika mafunzo ya marubani, uigaji wa upasuaji, usanifu wa majengo na filamu.

Ajira katika tasnia hii si ya uhakika. Mwezi Januari 2024 pekee, kampuni ya Unity ilitangaza kupunguza takribani wafanyakazi 1,800, na Microsoft ilitangaza kupunguza 1,900 katika kitengo chake cha michezo. Jambo jingine linalolalamikiwa ni saa nyingi za kazi katika miezi ya mwisho kabla ya mchezo kutolewa. Mwaka 2004 barua ya wazi ya mchumba wa mfanyakazi mmoja wa kampuni kubwa ya Marekani ilizusha mjadala mkubwa kuhusu desturi hiyo, na mjadala huo haujaisha.

Kwa sababu hizo vyuo kadhaa hufundisha pia upangaji wa muda, sheria za hakimiliki na misingi ya biashara, ili mhitimu aweze kuanzisha kazi yake mwenyewe inapobidi.

Kujifunza nje ya chuo

Si waprogramu wote wa michezo waliopitia chuo kikuu. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi kaskazini mwa Uganda, alijifunza mwenyewe kwa kompyuta ambayo mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu ili kuinunua. Kambini hapakuwa na umeme wa uhakika, naye alitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Alitengeneza mchezo wa Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita, na baadaye alianzisha kampuni yake nchini Marekani.

Mashindano ya kutengeneza mchezo kwa muda mfupi ni njia nyingine ya kujifunza. Global Game Jam, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2009, hukusanya washiriki katika nchi nyingi kila mwaka, na kwa desturi makundi hupewa saa 48 kukamilisha mchezo kuhusu mada moja.

Anayejifunza mwenyewe hukosa mambo ambayo chuo hutoa kwa urahisi zaidi: mpangilio wa masomo, mwalimu wa kumsahihisha, na hisabati ambayo wengi huiruka wasipolazimishwa. Kwa mwanafunzi wa sekondari asiye na kompyuta, maandalizi yanaweza kuanza kwa daftari na kalamu. Vekta, trigonometria na kanuni ya Pythagoras ni zile zile, na mchezo kama bao unaweza kuandikwa hatua kwa hatua kwenye karatasi kabla ya kuandikwa kwa lugha yoyote ya programu.